Homa Inayofanana na Malaria

Mgonjwa anaingia na homa, kichwa kinamgonga, viungo vinamuuma. Kabla hajamaliza kujieleza, daktari ameshawakumbuka wengine waliokuja hivyohivyo wakakutwa na malaria. Huko ni kufikiri kwa kufanana, na bila huko foleni ya asubuhi isingeisha.

Kinachowasumbua wanamantiki ni hitimisho la namna hiyo liaminiwe kwa kiasi gani. Mantiki tuliyoizoea inajua mawili tu, kweli au uongo. Mwaka 1965 Lotfi Zadeh, mzaliwa wa Baku aliyefundisha Berkeley, Marekani, alisema kitu kinaweza kuwamo ndani ya kundi kwa kiwango chochote kati ya 0 na 1. Mwaka 1991 mtafiti Enrique Ruspini akaupeleka mjadala kwenye kufanana: hata kama hitimisho halijathibitika, tunaweza kupima hali tuliyonayo iko karibu kiasi gani na hali ambayo hitimisho hilo lingekuwa kweli.

Hatari iko kwenye kuunganisha. Mgonjwa wa kwanza akifanana na wa pili kwa 0.8, na wa pili na wa tatu kwa 0.8, wa kwanza na wa tatu je? Kwa kanuni inayotokana na mwanamantiki Łukasiewicz, unajumlisha viwango viwili kisha unatoa 1. Uhakika unaobaki ni 0.6. Ongeza mgonjwa mwingine, ni 0.4. Kufikia hatua ya tano umebaki na sifuri, ingawa kila hatua peke yake ilionekana nzuri.

Hospitalini nako kufanana kuliaminiwa kupita kiasi: kwa miaka mingi watu wetu walitibiwa malaria kwa sababu ya homa tu. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilishauri kila anayeshukiwa apimwe kwanza, na nauona ushauri huo kuwa wa lazima hasa. Dengue, iliyolipuka Dar es Salaam mwaka 2014, huanza na homa na maumivu yaleyale. Dawa za malaria haziitibu, na anayemeza aspirini au ibuprofeni kutuliza maumivu anajiongezea hatari ya kutokwa damu.

Ndiyo maana programu za kompyuta zinazomtafuta mgonjwa wa zamani anayefanana na wa leo zinapaswa kumwonyesha daktari kiwango cha kufanana pamoja na dalili zilizohesabiwa. Kwa homa na maumivu ya kichwa pekee, malaria na dengue ni karibu pacha. Ingiza kipimo cha vimelea vya malaria, na mara nyingi zinaanza kuachana.