Trekta kuukuu kati ya tope na miiba ya Tana

Trekta la Massey Ferguson 135 lilianza kuuzwa mwishoni mwa 1964, likitoka kiwanda cha Banner Lane mjini Coventry, Uingereza, na hadi leo ni kati ya matrekta ambayo mafundi wa Kenya wanayajua vizuri zaidi. Ni trekta dogo. Injini yake ya dizeli, Perkins ya silinda tatu yenye ujazo wa lita 2.5, hutoa nguvu za farasi zipatazo 45. Kwa mashamba ya kingo za Mto Tana, kama yale ya Kotile katika Ijara, Kaunti ya Garissa, udogo huo ni faida: vishamba vya mahindi, migomba na nyanya vimebanana kati ya mto na kichaka, na trekta kubwa hukosa pa kugeukia.

Chuma cha trekta hili ni kizito na hakina haraka ya kuchakaa. Kinacholimaliza mapema ni vumbi, dizeli chafu, joto na miiba, na bonde hili lina vyote vinne kwa wingi. Tena mvua zikizidi barabara hukatika, na trekta lililoharibika wakati huo hubaki lilipo mpaka ardhi ikauke, huku msimu wa kupanda ukipita. Ng'ambo ya mto kuna historia chungu ya mashine kukwama. Mradi wa umwagiliaji wa Hola, ulioanza 1953, ulisimama 1989 baada ya Tana kuhama njia yake na kuziacha pampu bila maji. Bura, iliyopokea wakulima wake wa kwanza mwanzoni mwa miaka ya 1980, ilipoteza mazao kwa sababu pampu za dizeli zilizovuta maji kutoka mtoni ziliharibika mara kwa mara. Mkulima mmoja mwenye trekta moja yuko kwenye hatari ileile, ila yeye ana uwezo wa kuipunguza kwa mikono yake mwenyewe.

Kazi ya kwanza ni hewa. Wakati wa kiangazi udongo husagika ukawa unga laini, na haro ikipita trekta hutembea ndani ya wingu. Injini huivuta hewa hiyo kupitia chujio lenye bakuli la oili: hewa hugonga oili, vumbi hunaswa, kisha hewa hupanda kupitia wavu wa waya hadi kwenye silinda. Bakuli hilo lifunguliwe kila jioni ya siku ya kazi. Kijiti kikizamishwa na kukuta tope limetuama chini, oili imwagwe, bakuli lioshwe kwa dizeli, likaushwe na kujazwa oili safi hadi kwenye alama. Kuipita alama ni kosa, kwa kuwa oili iliyozidi huvutwa na injini na kuungua humo ndani. Baada ya hapo ukaguliwe mpira unaounganisha chujio na injini. Ukiwa na ufa, hata wa upana wa ukucha, vumbi hupita pembeni na kazi yote ya chujio huwa bure. Njia rahisi ya kujua ni kuufungua na kupitisha kidole ndani upande wa injini. Kidole kikitoka na vumbi, ringi za pistoni tayari zinaliwa.

Dizeli ndiyo inayohitaji uangalifu mkubwa kuliko yote. Mbali na vituo vya mafuta, dizeli husafiri kwa madumu na kumiminwa kwa mipira iliyolala mchangani. Pampu ya injekta ya trekta hili, aina ya CAV ya kuzunguka, haina oili yake yenyewe. Hulainishwa na dizeli inayopita ndani yake. Maji yakiingia humo huleta kutu, na mchanga hukwangua vyuma vilivyochongwa kwa usahihi mkubwa sana. Mafuta ya taa yakichanganywa ili kupunguza gharama, ulainishaji hupungua na pampu huanza kujila. Kuitengeneza kunataka mashine maalumu ya kupimia ambayo haipatikani kijijini, kwa hiyo fedha iliyookolewa kwenye dumu hulipwa mara nyingi zaidi karakanani. Dumu liachwe litulie usiku kucha, dizeli imiminwe kupitia kitambaa safi kisichotoa nyuzi, na vidole viwili vya mwisho vya dumu visimiminwe kabisa. Tangi lijazwe jioni badala ya asubuhi: tangi tupu huwa na hewa nyingi, na unyevu wa hewa hiyo hugeuka matone ya maji usiku. Kikombe cha kioo kilicho kwenye njia ya dizeli huonyesha wazi maji yaliyotuama, na filta zibadilishwe kwa ratiba, bila kusubiri injini ianze kukohoa.

Dizeli ikiisha shambani, au filta ikibadilishwa, hewa huingia kwenye mabomba na injini hukataa kuwaka. Hapo ndipo betri nyingi huuawa, kwa kupiga stata bila kutoa hewa kwanza. Utaratibu wenyewe ni mwepisi. Skrubu ndogo iliyo juu ya filta hulegezwa, kisha mkono wa pampu ndogo iliyo ubavuni mwa injini husukumwa juu na chini hadi dizeli itoke bila povu, ndipo skrubu hukazwa. Mkono ukiwa mlegevu na hausukumi kitu, pampu haijaharibika. Kemu ya injini imesimama mahali pabaya, na injini ikizungushwa kidogo tu mkono hurudi kuwa mzito. Baada ya filta hufuata skrubu za pampu ya injekta, kwa mtindo uleule. Mwisho, nati za mabomba kwenye nozeli hulegezwa kiasi, stata hupigwa mpaka dizeli iruke, na nati hukazwa moja moja. Kwa kawaida injini hunguruma kabla hata nati ya tatu haijakazwa. Mkono usiwekwe kamwe mbele ya nozeli inayorusha dizeli, kwa sababu msukumo wake hutoboa ngozi.

Joto la Garissa huibana injini hata kabla haijawashwa. Matundu ya rejeta huzibwa na mbegu za majani na makapi, nayo husafishwa kwa kupulizwa au kumwagiwa maji kutoka upande wa feni, ili uchafu utoke ulikoingilia. Maji ya Tana hayafai kumiminwa ndani moja kwa moja. Yamebeba matope, na matope hayo hutuama ndani ya bloku, kando ya silinda, mahali ambapo maji yangepaswa kupoza. Maji ya mvua yaliyokingwa ni bora zaidi, yakitiwa dawa ya kuzuia kutu. Injini iliyochemka ikimiminiwa maji baridi, silinda hedi hupasuka. Iachwe kivulini ipoe yenyewe, hata kama wenye zamu ya kulimiwa wanalalamika.

Oili ya injini, penye vumbi la namna hii, ni busara kuibadilisha kila baada ya saa 100 za kazi pamoja na filta yake. Saa ya kupimia kwenye matrekta mengi ya umri huu ilikwishakufa, kwa hiyo daftari la ekari zilizolimwa huchukua nafasi yake. Nafasi ya valvu hupimwa injini ikiwa baridi, milimita 0.30. Sehemu zote za grisi za ekseli ya mbele na usukani zipigwe grisi kila siku ya kazi, mpaka grisi ya zamani iliyojaa mchanga itoke nje.

Klachi ikiisha, trekta hukatwa vipande viwili, kwa kuwa halina shasi; injini, giaboksi na nyumba ya ekseli ya nyuma ndizo zinazolishika. Kazi hii hufanyika hata chini ya mwembe, mradi ardhi iwe ngumu na tambarare. Kabla ya bolti kufunguliwa, kabari za mbao hugongwa kati ya injini na ekseli ya mbele, kila upande moja. Ekseli hiyo huning'inia kwenye pini moja tu ya katikati, na bila kabari injini iliyotenganishwa huanguka ubavu juu ya miguu ya fundi. Nyuma huwekwa jeki imara chini ya giaboksi, na mbele husukumwa taratibu kwa magurudumu yake. Wakati wa kurudisha, bamba jipya la klachi lazima likae katikati kabisa. Shafti kuukuu ya giaboksi, au mti uliochongwa kwa kipimo chake, hutumika kulielekeza.

Haidroliki hutumia oili ileile ya giaboksi na ekseli, na pampu yake imezama humo ndani. Oili ikigeuka rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia, mara nyingi kupitia mpira uliochanika kwenye wenzo wa gia. Oili hiyo imwagwe yote. Kuongeza mpya juu yake hakusaidii. Mikono ya kuinulia ikipanda na mzigo halafu ikashuka polepole injini ikizimwa, sili za silinda ya kuinulia au valvu zinavuja. Isipopanda kabisa, kiasi cha oili kiangaliwe kwanza kabla ya kufungua chochote.

Kifaa kikuu cha kulimia hapa ni plau ya diski, nayo inastahili kueleweka. Udongo wa bonde la mto ni mfinyanzi mzito, mgumu na wenye nyufa wakati wa ukame, wenye kunata wakati wa mvua, na umejaa mizizi. Diski huviringika juu ya mzizi ambao ungevunja plau ya ubao. Lakini diski huingia ardhini kwa uzito wa plau na kwa ukali wa ukingo wake, kwa hiyo diski butu huelea juu ya udongo mkavu hata dereva afanye nini. Pembe kati ya diski na mwelekeo wa trekta huwa nyuzi 42 hadi 45. Kwa trekta la nguvu za farasi 45, diski 2 zinatosha; ya 3 huliua. Kila asubuhi diski ishikwe kwa mikono miwili, juu na chini, na kutikiswa. Ikicheza, beringi zake zimelegea na zikazwe siku hiyohiyo, kwani beringi iliyoachwa icheze hula kitovu kizima. Gurudumu dogo la nyuma, linalotembea kwenye mfereji, huizuia plau kusukumwa kando. Likilegea, trekta huvutwa upande na dereva hupigana na usukani mchana kutwa. Chuma cha kukwangulia kikae karibu na diski bila kuigusa. Mwisho wa msimu diski zisuguliwe na kupakwa oili chafu, kwani zikishika kutu tope hugandamana nazo mvua inapoanza.

Pampu ya maji inayozungushwa na shafti ya nyuma, mizunguko 540 kwa dakika, isiwashwe ikiwa kavu, na shafti yake iwe na kifuniko. Nguo ndefu, iwe kikoi au macawis, hunaswa na shafti kwa kufumba na kufumbua.

Adui wa matairi ni mathenge. Mti huu uliletwa Kenya miaka ya 1970 kwenye machimbo ya Bamburi, Mombasa, na miaka ya 1980 ukapandwa Bura kwa ajili ya kuni. Sasa umefunga kingo nyingi za Tana. Mwiba wake hupenya tairi, huvunjika ndani, na hutoboa tyubu mpya siku ya pili. Kabla ya tyubu kurudishwa, ndani ya tairi pakaguliwe kwa kitambaa cha pamba, ambacho hunasa ncha ambazo jicho halizioni. Visiki vya mathenge ving'olewe na mizizi yake kabla ya plau kuingia, maana kisiki kilichokatwa juu juu kina ncha kali kuliko mwiba.

Mafuriko, kama ya mwisho wa 2023 na ya Aprili na Mei 2024, yanapolifunika trekta, kishawishi ni kujaribu kuliwasha mara maji yanapopungua. Maji hayabanwi; silinda iliyojaa maji hupinda fimbo ya pistoni kwa pigo moja la stata. Nozeli zitolewe kwanza, injini izungushwe kwa mkono mpaka maji yatoke, kisha oili zote, filta na dizeli zibadilishwe. Baada ya saa chache za kazi, oili zimwagwe tena.

Vipuri bado vinapatikana, kwa kuwa Millat ya Pakistan na TAFE ya India ziliendelea kuunda matrekta ya ukoo huu. Bei ya chini sana kwenye beringi na nozeli ni dalili ya bandia. Aina za 135 zilitofautiana kwa klachi na giaboksi, hivyo anayeagizwa mjini apewe namba ya trekta iliyo kwenye kibati, namba ya injini iliyogongwa kwenye bloku, na ikiwezekana kipuri chenyewe cha zamani.