Mtoto na Mche Wake: Kazi Ianzayo Baada ya Sherehe

Tarehe 13 Novemba 2023 ilikuwa siku ya mapumziko katika Kenya nzima, wala haikuwa sikukuu ya dini au ya taifa iliyozoeleka. Serikali iliwaomba wananchi wote, wakubwa kwa wadogo, watoke wakapande miti, na hesabu iliyotajwa ilikuwa miti milioni 100 kwa siku ile moja, ikiwa ni fungu la miti bilioni 15 inayokusudiwa kupandwa hata kufika mwaka 2032. Wazazi wengi walitoka pamoja na watoto wao. Mashimo yalichimbwa, picha zikapigwa, na kila mtoto aliyeshika mche akahesabiwa kuwa ametenda jambo jema kwa nchi yake. Jioni watu wakarudi makwao, mche ukabaki.

Mwaka ule mvua za vuli zilinyesha kupita kiasi, hata zikaleta mafuriko. Basi kwa majuma kadhaa mche haukumhitaji mtu. Lakini anayeijua nchi hii anajua ya kuwa baada ya vuli huja Januari na Februari, miezi ya jua kali na vumbi, kabla masika hayajaanza mwezi wa Machi. Mche wa miezi miwili hauna mizizi ya kutafuta maji chini. Miezi hiyo ndiyo huamua kama mti umepandwa au kama shimo limechimbwa bure. Tena ndiyo miezi ambayo shule zimefunguliwa, mtoto ana madaftari mapya na masomo mapya, wala hakuna apigaye picha.

Mtoto akirudi mahali pale akaukuta mche wake umekuwa kijiti kikavu, amejifunza somo, ingawa si lile alilokusudiwa. Amejifunza ya kuwa kupanda miti ni mchezo wa siku moja, na ya kuwa wakubwa husema maneno makubwa wasiyokuwa na nia ya kuyafuata. Pengine ni afadhali mtoto asiyepata kupanda kitu kuliko huyo. Ndiyo sababu kumlea mtoto apate kuitunza nchi yake ni kazi ya nyumbani kwanza, kabla haijawa kazi ya shule au ya serikali. Na kazi ya nyumbani haina siku kuu.

Jambo hili lilimpata hata Profesa Wangari Maathai, ambaye jina lake linajulikana duniani kote tangu alipopewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004. Watu humkumbuka kwa mamilioni ya miti. Ni wachache wanaokumbuka ya kuwa mwanzo wake ulikuwa wa miche iliyokufa. Mwaka 1976 alisafiri kwenda mkutano wa Umoja wa Mataifa huko Vancouver, Kanada, akaacha nyumbani kwake Nairobi miche aliyoitunza; aliporudi, karibu yote ilikuwa imekauka. Mwaka uliofuata, tarehe 5 Juni 1977, yeye na wenzake wa Baraza la Taifa la Wanawake wa Kenya walipanda miti saba katika uwanja wa Kamukunji, na katika saba hiyo mingi haikuishi. Mtu mwingine angaliacha. Yeye aligeuza hesabu. Akina mama wa vijijini walioingia katika kazi hiyo walipewa fedha kidogo, si kwa kila mche uliotiwa ardhini, bali kwa kila mche ulioonekana kuwa hai baada ya kupandwa. Fedha zenyewe zilikuwa senti chache tu, lakini zilimfanya mtu arudi kuutazama mche wake.

Na yeye mwenyewe alitoka wapi? Alizaliwa mwaka 1940 katika kijiji cha Ihithe, karibu na Nyeri. Katika kitabu alichoandika juu ya maisha yake amesimulia jinsi mama yake alivyokuwa akimtuma kuokota kuni, akimkataza asiguse kuni za mugumo uliokuwa karibu na nyumbani, kwa kuwa mti ule ulikuwa mtakatifu. Karibu na mugumo ule palibubujika chemchemi, na mtoto yule alikuwa akicheza majini, akidhani mayai ya vyura ni shanga, akijaribu kuyaokota ayavae shingoni. Miaka mingi baadaye, aliporudi kutoka masomoni Marekani, alikuta mugumo umekatwa na chemchemi imekauka. Hapo ndipo alipofahamu ya kuwa katazo la mama lilikuwa na maana kubwa kuliko alivyodhani. Mama hakumfanyia binti yake hotuba juu ya mazingira. Alimtuma kuni, akampa mpaka, basi.

Wazee wa Kiambu wanayo habari nyingine iliyo ya zamani zaidi. Mwaka 1922, huko Muguga, Bwana Richard St. Barbe Baker, ofisa wa misitu, akisaidiwa na Chifu Josiah Njonjo, aliwaita vijana wa Kikuyu kwenye ngoma ya miti, maana aliona ya kuwa watu wale walikuwa na ngoma ya kupanda mbegu na ya kuvuna, lakini hawakuwa na ngoma ya kupanda miti. Waliokubali wakaitwa Watu wa Miti. Ahadi yao ilikuwa na sehemu mbili: kila mmoja apande miti kumi kila mwaka, na kila mmoja aitunze miti popote ilipo. Sehemu ya kwanza ndiyo isemwayo sana siku hizi. Hii ya pili ni nzito zaidi, na huenda ndiyo sababu imesahauliwa.

Lakini mzazi asifikiri ya kuwa kazi hii itafanyika kwa amri na fimbo. Nchi hii imekwisha kulijaribu jambo hilo. Katika miaka ya 1940 serikali ya kikoloni iliwalazimisha watu kuchimba matuta ya kuzuia mmomonyoko wa udongo, na katika Murang'a, mwaka 1948, akina mama walikataa kabisa kuendelea. Matuta yenyewe hayakuwa na kosa; huko Machakos wakulima waliyachimba kwa wingi, kwa hiari yao, baada ya shuruti kuondoka, kwa kuwa waliona mahindi yao yanavyopata faida. Kilichochukiwa ni kazi ya mtu mwingine katika shamba la mtu mwingine kwa amri ya mtu mwingine. Mtoto naye ni vivyo hivyo.

Basi mti uwe wake kweli. Baba akimwambia mwanawe, "Huu ni mparachichi wako," naye baada ya miaka minne auze matunda yake sokoni bila kumwuliza, amevunja kitu kisichounganishika kwa urahisi. Kama mti ni wa mtoto, aulizwe kabla ya tawi kukatwa, na apate fungu lake matunda yakiuzwa, hata likiwa la kununua kalamu na daftari tu. Hapo hatahitaji kukumbushwa kufukuza mbuzi.

Kuchagua mti nako kwataka akili. Watu wa Baringo wanaweza kusimulia vizuri habari hiyo. Katika miaka ya 1980 ililetwa kwao miti iitwayo mathenge ili izuie jangwa, kwa kuwa huota upesi na huvumilia ukame. Iliota kweli, hata ikafunga malisho na njia. Maganda yake matamu yaliharibu meno ya mbuzi, na mwaka 2006 wenyeji walikwenda mahakamani Nairobi pamoja na mbuzi asiye na meno ili awe ushahidi. Kwa hiyo yafaa mtoto aambiwe mapema ya kuwa si kila mti ni rafiki wa kila mahali. Mkaratusi usipandwe karibu na chemchemi, maana hunywa maji mengi. Penye ukame, kama sehemu nyingi za pwani na Ukambani, mwarobaini huvumilia. Palipo na mvua ya kutosha, mparachichi au mwembe uliobebeshwa humpa mtoto matunda kabla hajawa mtu mzima. Na muringa, ambao ni wa nchi hii tangu zamani, hutoa kivuli na mbao njema.

Kupanda kwenyewe ni kazi ya asubuhi moja. Shimo liwe la kina cha futi mbili na upana kama huo, udongo wa juu ukiwekwa upande wake na wa chini upande wake. Udongo wa juu uchanganywe na samadi iliyooza vizuri, urudishwe kwanza. Mfuko wa nailoni uliokuwa na mche ni lazima uondolewe wote. Miti mingi hufa kwa sababu mizizi yake ilifungwa ndani ya mfuko kama mtu aliyezikwa na viatu vyake. Kisha matandazo ya nyasi kavu yawekwe kuzunguka shina bila kuligusa, na miiba izungushwe nje kwa ajili ya mbuzi.

Baada ya hapo ni maji, na hapa ndipo pana jambo ambalo wazazi wengi hawalitazami. Ni nani atakayeyaleta? Katika nyumba nyingi za mashambani maji huletwa na binti. Mtungi mmoja wa lita 20 ni uzito wa kilo 20, na mtoto wa kike wa miaka kumi na miwili huenda ameubeba mara mbili kabla ya kwenda shuleni. Kumwongezea mtungi wa tatu kwa ajili ya mti, huku kaka yake amekaa, si kumfundisha kupenda mazingira. Ni kumfundisha kuuchukia mti. Kama mvulana anao mche, na achote maji ya mche wake mwenyewe. Akiona njia ni ndefu, hapo atafahamu maisha ya dada yake, nalo ni somo lisilofundishwa darasani.

Tena si lazima maji yawe mapya. Maji yaliyooshea mboga na mchele, na maji ya kusuuzia vyombo yasiyo na sabuni nyingi wala dawa ya kung'arisha nguo, yanatosha kabisa. Karai liwekwe karibu na jiko, na kila jioni mtoto alipeleke shambani. Watoto hupenda pia njia ya chupa: chupa ya plastiki iliyotupwa hutobolewa tundu dogo karibu na kitako, ikafukiwa nusu kando ya mche, ikajazwa maji, nayo hudondosha polepole penye mizizi, jua lisiyanyang'anye. Mtoto akiijaza mara mbili kwa juma katika Februari, mche una tumaini.

Mboji nayo yaweza kuwa kazi ya watoto wadogo kabisa. Maganda ya ndizi na viazi, majani mabichi na samadi hupangwa kwa tabaka na majani makavu na majivu kidogo, yakanyunyiziwa maji, yakafunikwa. Katikati huchomekwa fimbo ndefu. Baada ya siku chache fimbo huchomolewa ikashikwa: ikiwa ya moto, chungu kinafanya kazi; ikiwa baridi na kavu, chataka maji. Mtoto wa miaka mitano atakimbia kuishika fimbo hiyo kila asubuhi bila kuambiwa. Mboji ikigeuzwa mara kwa mara, kwa muda wa miezi mitatu hivi itakuwa tayari kwa mche na kwa sukuma wiki ya mama.

Upande wa kuni, watoto wakubwa waweza kutengeneza kikapu cha kuivishia chakula. Kikapu kipana hutandikwa ndani nguo kuukuu au majani makavu ya migomba kwa unene wa kiganja, pamoja na mto wa kufunikia juu. Maharage yaliyolala majini usiku kucha huchemshwa sana kwa muda wa nusu saa, kisha sufuria pamoja na kifuniko chake huingizwa kikapuni ikiwa bado inatokota, ikaachwa hadi mchana. Yataendelea kuiva kwa joto lake yenyewe, bila kuni, bila moshi. Nyanya wa nyumba huenda akacheka siku ya kwanza.

Sheria nazo zimesaidia. Tangu tarehe 28 Agosti 2017 mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku, na faini yaweza kufika shilingi milioni nne. Mtoto akitumwa dukani na kikapu, afanya jambo ambalo bibi zake walilifanya bila sheria yoyote.

Hata hivyo, kuna miche itakayokufa. Mchwa hawaulizi mti ni wa nani, na jua la Kenya halina huruma kwa mtoto. Hapo mzazi asimkemee, wala asiung'oe mche usiku na kuweka mwingine ili kumfariji kwa uongo. Waende pamoja na jembe, waufukue, waitazame mizizi. Pengine wataona kipande cha nailoni kilichosahauliwa. Pengine mizizi imeliwa. Pengine udongo ni mkavu kama jivu, na kila mmoja atakumbuka juma ambalo karai halikufika. Shimo liachwe wazi, majani makavu yatiwe ndani yaoze, na mwezi wa Machi, mvua ya kwanza ikinyesha, mche mwingine uingie humo humo.