Sarah Maldoror: kutoka jukwaani mpaka nyuma ya kamera

Bandugu, tunaongea mingi juu ya sinema ya Afrika, lakini jina la Sarah Maldoror wengi kati yetu hawalijui. Na filimu yake kubwa ilipigwa hapa karibu tu, Kongo-Brazzaville.

Alizaliwa Ufaransa mwaka 1929, baba yake mtu wa Guadeloupe. Jina Maldoror alijichagulia mwenyewe, akalitoa kwenye kitabu cha Lautréamont. Alianza kama mwigizaji. Paris wakati ule, mwanamke mweusi jukwaani alipewa kazi ya kuigiza mtumishi wa nyumbani, mwenye kubeba sahani. Yeye na wenzake wakakataa. Mwaka 1956 wakaanzisha kundi lao, Les Griots, la waigizaji weusi tu. Lakini mwigizaji anasema maneno ya mwingine: hata Les Nègres, mchezo uliojulikanisha kundi hilo sana, uliandikwa na Mfaransa, Jean Genet.

Basi akaenda Moscow kusoma sinema. Alikuwa amepita miaka 30 (wale wanaosema wamechelewa, wasikie). Kisha Algeria, akiwa msaidizi kwenye filimu La Bataille d'Alger. Mume wake, Mário de Andrade, alikuwa kiongozi wa MPLA, na vita ya Angola ikawa pia kazi yake yeye.

Filimu yake ya kwanza, Monangambeee, ni fupi. Mke anamuahidi mufungwa kwamba atamletea « completo ». Kwao ni chakula. Walinzi Wareno wanasikia suti, wanafikiri ni alama ya siri, na mwanaume anapigwa juu ya sahani ya chakula.

Ya pili ilimuumiza. Alienda Guinea-Bissau, katikati ya vita, kupiga Des fusils pour Banta. Jeshi la Algeria njo lilitoa makuta. Wakakosana, bobini zote zikachukuliwa. Filimu hiyo haikuonyeshwa hata siku moja.

Mwingine angeacha. Yeye mwaka 1972 akatoa Sambizanga. Angola ilikuwa bado mikononi mwa Wareno, njo maana aliipigia Brazzaville, na waigizaji wengi walikuwa wapiganaji wenyewe, hawakusomea kazi hiyo. Domingos anakamatwa, anapigwa gerezani mpaka anakufa, hataji jina la mtu. Lakini kamera haikai na yeye tu. Inamfuata sana Maria, mke wake, mtoto mgongoni, anatembea kwa miguu toka ofisi mpaka ofisi akiuliza mume wake yuko wapi, na kila mahali wanamtuma kwingine. Sijui kama mwanaume angeipa ile barabara dakika nyingi hivyo. Mwaka uleule Carthage wakampa Tanit ya zahabu.

Korona ilimuua mwezi wa 4, 2020. Mwaka uliofuata Sambizanga ikatengenezwa upya, rangi zote zikarudi. Mwenye kuipata atuambie, tuiangalie pamoja siku ya mkutano.