Picha ni Amana

Mwenye kusafiri kutoka Singida kwenda Nzega hupita Misigiri, katika wilaya ya Iramba, mahali inapochepuka njia ya kwenda Kiomboi. Huko tulialikwa arusi katika nyumba moja ya Kiislamu. Wanaume tulikaa uani na wanawake walikaa ndani, na baina yetu pazia, kama ilivyo ada. Kabla sinia za pilau hazijatoka, kijana mmoja aliyekuwa karibu nasi alifungua simu yake, na ndani yake yumo bibi arusi, kichwa wazi, na hina yake mikononi. Mgeni mmoja wa ndani ameipiga picha hiyo na kuitia katika kundi la WhatsApp. Baba wa bibi arusi alipopata habari aliinamisha kichwa, asiseme neno. Pazia lilikuwapo mlangoni, wala halikuzuia kitu.

Hatuisimulii habari hii ili kumfedhehesha mtu. Twaisimulia kwa sababu nyumba nyingi zimefikwa na jambo kama hilo.

Zamani kupiga picha kulikuwa ufundi wa watu wachache. Unguja, Capital Art Studio ya Ranchhod Oza ilifunguliwa mwaka 1930, na vizazi kwa vizazi vimekwenda huko kupigwa picha. Filamu ilikuwa na picha 36, na nyingine 12 tu, na kila moja ilikuwa na gharama yake. Kwa hiyo fundi aliutazama mwanga, akamweka mtu vizuri, akangoja. Picha ikasafishwa katika chumba cha giza, na mwenyewe akaichukua katika bahasha, akaitia katika albamu. Aliyeiona ni yule aliyepiga hodi akakaribishwa. Basi picha ilikuwa na mwenyewe, na ilikuwa na mahali pake.

Ilipotokea WhatsApp mwaka 2009, na Instagram mwaka 2010, mambo yaligeuka. Picha sasa haina gharama, kwa hiyo haichaguliwi. Mtu hupiga mia asiitazame hata moja kwa makini. Tena haipigwi kwa ajili ya ukumbusho wa nyumbani, bali kwa ajili ya macho ya watu. Vijana wetu huing'arisha sura kwa programu za simu hata mama mzazi asiitambue, kisha hukaa wakihesabu ni wangapi walioipenda. Hata sadaka anayopewa maskini hupigwa picha kwanza, na hapo riyaa iko mlangoni. Na katika njia kuu, gari likipinduka, wako watoao simu kabla ya kutoa mkono wa msaada. Jamaa wa marehemu wakaiona maiti yao katika simu kabla ya kupelekewa habari ya msiba.

Wanavyuoni wamehitalifiana juu ya picha za kamera. Sheikh Muhammad Bakhit al-Mutii, aliyekuwa Mufti wa Misri, aliandika kuzijuzisha, wengine wamezikataza. Sisi hatuingii katika mjadala huo. Lakini katika jambo tulisemalo hapana hitilafu. Katika Surat Nur, aya ya 27, Mwenyezi Mungu ametukataza kuingia nyumba zisizo zetu mpaka tupate idhini na tuwatolee salamu wenyewe. Na katika Surat Hujurat, aya ya 12, ametukataza kupelelezana na kusengenyana. Je, aingizaye macho ya watu elfu katika chumba cha bibi arusi, ameomba idhini ya nani?

Na sheria za nchi pia zimeliangalia jambo hili: Tanzania ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022.

Hatusemi simu zitupwe. Bibi aliyeko Iramba humwona mjukuu wake aliyezaliwa Oman. Mkulima wa vitunguu humpelekea mnunuzi wa Dar es Salaam picha ya mali yake. Na kijana mwenye kipaji aweza kujifunza ufundi huu kwa simu aliyo nayo, akijizoeza subira ya mafundi wa zamani.

Tulitakalo ni adabu. Asipigwe mtu picha ila kwa ridhaa yake, wala isipelekwe kwa wengine ila kwa ridhaa nyingine, kwani kukubali kupigwa si kukubali kutangazwa. Katika arusi, simu za wageni wa ndani ziwekwe katika kikapu mlangoni, na mwanamke mmoja mwaminifu apewe kazi ya kupiga picha kwa ajili ya wenye nyumba. Na aliyepelekewa picha ya aibu aifute, asiipitishe.

Yule mgeni wa Misigiri alikwenda kumwomba radhi bibi arusi, na bibi arusi akamsamehe. Lakini picha haikurudi, wala hapana ajuaye imefika wapi.

Mwenyezi Mungu atusitiri sisi na watoto wetu, hapa duniani na kesho Akhera. Amin.