Uchunguzi wa Utumbo Mpana kwa Waliovuka Miaka 40



Safari hii twapenda kueleza habari ya maradhi ambayo watu huona haya kuyataja, nayo ni saratani ya utumbo mpana. Wengi wetu tumo katika miaka ya arobaini na watoto bado wanatutegemea. Kwa hiyo jambo hili latuhusu.

Mara nyingi saratani hii huanza kwa kinyama kidogo kiotacho ndani ya utumbo. Vinyama vingine hushikwa na kikonyo, kama karafuu. Vingi havina madhara, lakini baadhi hugeuka saratani, na kugeuka huko kwa kawaida huchukua miaka kama 10. Muda huo wote mtu aweza asisikie maumivu yo yote. Faida ya uchunguzi ni hiyo: kinyama kikionekana mapema hukatwa, na saratani haipati nafasi.

Zamani madaktari wa Marekani walishauri uchunguzi uanze katika umri wa miaka 50. Kwa kuwa wagonjwa wa chini ya umri huo walizidi kuongezeka, Chama cha Saratani cha Marekani kilishauri miaka 45 mwaka 2018, na halmashauri ya wataalamu wa kinga ya nchi hiyo ikafuata mwaka 2021. Mwenye mzazi au ndugu wa tumbo moja aliyepata maradhi haya aweza kushauriwa aanze mapema zaidi, hata akiwa na miaka 40.

Vipimo vikubwa ni viwili. Cha kwanza ni kupima choo ili kutafuta damu isiyoonekana kwa macho. Hufanywa kila mwaka. Cha pili, daktari hupitisha mpira mwembamba wenye kamera katika njia ya haja kubwa. Utumbo ukiwa safi, hurudiwa baada ya miaka 10. Damu ikipatikana katika kipimo cha kwanza, si lazima iwe saratani, ila cha pili hakina budi kufuata.

Lakini hayo yote ni ya mtu asiye na dalili. Aonaye damu chooni, au aliyebadilika choo kwa wiki kadhaa, au anayekonda bila sababu, asingoje kutimiza miaka 45, wala asijiambie kuwa ni bawasiri tu. Huenda ikawa bawasiri kweli, lakini wa kuamua ni daktari. Na aende sasa, asisubiri msimu wa kuchuma umalizike.