Kani Kandamizi: Hewa na Bodi ya Gari la Mbio

Mara nyingi istilahi hupotoka kwa sababu mfasiri ameliangalia umbo la kitu asiiangalie kazi yake. Mfano mmoja tunaupata katika magari ya mbio yenye kiti kimoja, hasa ya Formula 1. Bodi za magari hayo huuelekeza upepo kwa namna ambayo gari hushindiliwa barabarani, na matairi yakashika vizuri zaidi kwenye kona. Nguvu hiyo tuiiteje? Mfasiri mwenye haraka huweza kuandika uzito, mvuto au mgandamizo. Tunaona kwamba yote matatu hayafai.

Uzito wa gari haubadiliki kwa sababu ya mwendo. Nguvu tunayoizungumzia haipo gari likiwa limesimama katika hewa tulivu, na mwendo ukipanda kutoka kilomita 100 hadi 200 kwa saa, hukaribia kuwa mara nne. Tena haimwongezei dereva mzigo wa kugeuza au kusimamisha, na hapo ndipo ilipo faida yake.

Neno mvuto hupotosha zaidi. Mwaka 1968 magari ya Formula 1 yalianza kufungwa mabawa, ambayo ni kama bawa la ndege lililopinduliwa. Hewa ipitayo chini yake huenda kwa kasi kuliko ile ya juu, na kanieneo yake hupungua. Baadhi ya mabawa yaliwekwa juu ya nguzo ndefu nyembamba. Mwaka 1969, katika mashindano ya Hispania huko Montjuïc, Barcelona, mabawa ya magari ya Graham Hill na Jochen Rindt yalivunjika na magari yote mawili yakapata ajali. Mwezi huohuo mabawa ya namna hiyo yakapigwa marufuku.

Baadaye kazi hiyo ikahamia chini ya gari. Lotus 78 ya mwaka 1977 na Lotus 79 ya mwaka 1978, iliyomsaidia Mario Andretti kupata ubingwa, zilikuwa na umbo la bawa ndani ya mbavu zake, na sketi pembeni za kuzuia hewa ya nje isiingie. Hewa ikipita kwenye uwazi mwembamba kati ya sakafu na barabara huongeza kasi, na kanieneo hushuka. Watu husema gari “linanyonywa” na lami. Kwa hakika hewa hainyonyi: ni hewa ya juu, yenye kanieneo kubwa zaidi, inayolikandamiza gari.

Kuanzia mwaka 1983 sheria zilidai sakafu bapa. Njia za hewa chini ya sakafu ziliporuhusiwa tena mwaka 2022, baadhi ya magari yalirukaruka katika mwendo mkubwa: sakafu ilipokaribia mno barabara, mkondo wa hewa ulivurugika, kani ikapungua, gari likainuka, kisha likashuka tena.

Ama mgandamizo, neno hilo lina kazi nyingine katika injini, ambamo pistoni hubana hewa na petroli. Kulitumia kwa mambo mawili ya gari lilelile ni kumtatiza mwanafunzi.

Kwa hiyo tunapendekeza:

(a) kani kandamizi: nguvu ya hewa inayolisukuma gari chini linapokwenda;

(b) bawa pindu: bawa linaloleta kani hiyo;

(c) ukinzani wa hewa: nguvu ya hewa inayozuia mwendo, ambayo ndiyo gharama ya mabawa makubwa.

Huenda wengine wakasema kwamba kandamizi ni neno la siasa. Hatudhani kuwa hilo ni kikwazo. Likitanguliwa na kani, hakuna atakayedhani tunazungumzia utawala. Na muundo wake ni uleule wa tegemezi na shirikishi. Zaidi ya hayo, linafaa kwa bawa na kwa sakafu pia, kwa kuwa limetokana na kazi, wala si umbo.

Tunawaomba walimu na wafasiri wayajaribu maneno haya katika kazi zao, na watueleze yanapokwama.