Picha ya Sahihi si Sahihi

Haupiti mwezi pasipo mtu kunijia ofisini hapa Chake Chake, simu mkononi, akaniuliza swali lile lile: “Bwana wakili, sahihi ya kwenye simu inakubalika kisheria?” Nikimwambia anionyeshe hiyo sahihi, aghalabu hunionyesha picha: nduguye aliyeko Muscat ameandika jina lake juu ya karatasi nyeupe, akaipiga picha, akaileta kwa WhatsApp, na kijana wa duka la kuchapisha akaikata na kuibandika chini ya mkataba wa kuuza mikarafuu ya marehemu baba yao. Swali hili limenichosha, maana lakosa njia tangu mwanzo wake. Mahakama haitashughulika sana na umbo la jina. Itauliza ni nani aliyelitia pale, na je, maneno yaliyo juu yake ndiyo yale aliyoyaridhia?

Picha haijibu hata moja katika mawili hayo. Aliye nayo simuni leo aweza kuibandika kesho chini ya hati ya deni, na keshokutwa chini ya talaka, na mwenyewe asijue. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki, iliyotungwa na Bunge la Muungano mwaka 2015, yaeleza kwamba pale ambapo sheria yataka sahihi, inayokidhi ni sahihi ya kielektroniki iliyo salama: iliyo mahsusi kwa kazi yake, yenye kumtambulisha mtiaji, aliyoitia yeye mwenyewe, iliyo chini ya mamlaka yake, tena iliyofungamana na waraka hata mtu akigeuza neno moja baadaye, geuzo hilo lidhihiri. Iliyokatwa dukani na kubandikwa na mkono wa mtu mwingine yatimiza sharti lipi?

Nashangazwa zaidi kwamba dhana hii, ya kuwa picha ya sahihi ni sahihi, yashikiliwa na watu waliosoma chuoni. Aya ya deni katika Suratul Baqara, ndefu kuliko aya zote za Qur'ani, yaamrisha mwandishi mwadilifu, yaamrisha kwamba mdaiwa ndiye atamke maneno ya kuandikwa, na yaamrisha mashahidi. Sahihi ya mdaiwa haikutajwa. Kinachotafutwa ni ithibati ya ridhaa. Ndiyo maana ujumbe mfupi wa “Nimekubali, shilingi laki tano, nitalipa baada ya mavuno”, uliotoka kwenye namba iliyosajiliwa kwa alama za vidole, kama usajili ulivyofanywa nchini tangu 2019, ukafuatiwa na fedha zilizopita kwa simu, waweza kuwa na uzito mkubwa kuliko picha nzuri ya jina. Kwani sheria hiyo ya 2015 yamtaka hakimu, anapoupima ushahidi wa kielektroniki, atazame jinsi ulivyotengenezwa na kuhifadhiwa, na jinsi aliyeutuma alivyotambulika.

Basi fanyeni hivi. Mikopo midogo na ujira wa wachumaji: andikeni majina, kiasi na tarehe katika ujumbe, kila upande ujibu kwa maneno yake, wawepo mashahidi wawili, na simu msiibadilishe ovyo. Mikataba ya kazi na biashara: tumieni programu ya kutia sahihi inayohifadhi saa na kumbukumbu ya kila aliyeufungua waraka. Wosia: karatasi na mashahidi. Uwakala kutoka ng'ambo: mhusika aende mwenyewe ubalozini kwetu Muscat, na hati ya asili iletwe. Ardhi: Bodi ya Uhaulishaji, chini ya sheria ya 1994, wala msitafute njia ya mkato. Mali ya marehemu: kwanza warithi wathibitishwe, ndipo mzungumze habari ya kuuza.

Na ikiwa picha imekwisha kubandikwa, usiuchane mkataba wala usiufute ujumbe ulioileta, kwa sababu ujumbe huo, wenye tarehe na namba, huenda ukawa ndiyo dalili pekee mliyo nayo. Mpelekee ndugu yako hati nzima leo hii, kurasa zote, umwombe aisome, kisha akujibu kwa maneno yake mwenyewe kama ameiridhia au hakuiridhia.